Mwanga wa Magamba ya Pono

Pale diko la Wesha, wanaposhushia wavuvi, samaki akishanadiwa na kupata mwenyewe, hupelekwa kwenye sakafu ya saruji iliyo nyuma ya mnada, wanakokaa wanawake wenye visu. Hao ndio wapara samaki. Unawaachia samaki wako, unakwenda kununua ndimu na muhogo, ukirudi unamkuta keshaparwa, keshatumbuliwa, katiwa mfukoni. Bi Masika binti Jaribu alikuwa mmoja wao. Mahali pake palikuwa mwisho wa safu, karibu na bomba, na hata siku alizoumwa hapana aliyethubutu kupakalia.

Babu yake alitoka bara zamani, akaja kuchuma karafuu msimu mmoja, akaoa Pemba na asirudi tena. Baba yake, Mzee Jaribu, alilima mpunga na muhogo upande wa Pujini. Masika mwenyewe aliolewa Wesha, akazaa watoto watatu, akazika wawili wangali wachanga. Aliyebaki ni Mardhiya. Mtoto huyo alipofika miaka kumi, baba yake akafariki, na Bi Masika akachukua kisu cha jikoni akaenda dikoni. Alikuwa hajui kupara. Wiki ya kwanza alijikata vidole vyote vya mkono wa kushoto, akavifunga kwa vitambaa, akaendelea. Baada ya miaka ishirini na mbili alikuwa anaweza kupara samaki kama changu huku macho yapo kwa mtu anayezungumza naye, na kisu kisikosee hata mara moja.

Hakuwa mtu wa kuomba. Jambo likimshinda leo, alilirudia kesho, na kesho kutwa, kimya kimya, mpaka likakubali. Ndivyo alivyomsomesha Mardhiya mpaka akawa mwalimu wa watoto wadogo skuli, ndivyo alivyojenga vyumba viwili vya matofali, na ndivyo alivyoamini mambo yote ya dunia yalivyo: ukiyashikilia, yanakubali.

Iddi kubwa ilikuwa imepita kama wiki mbili hivi aliposikia sauti nyuma yake.

"Shikamoo, shangazi."

Aligeuka akamwona Nahla, binti wa kaka yake Hafidh, kashika ndoo mpya mkononi, mtandio umepeperuka kwa upepo. Nahla alikuwa anasoma shahada ya pili chuo kikuu Dar es Salaam, mambo ya kemia, na Bi Masika alijivunia hilo bila ya kujua hasa ni kitu gani.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja lini wewe? Hafidh hajanambia."

"Nimefika jana. Shangazi, haya magamba mwayapeleka wapi?"

Bi Masika akacheka mpaka wenzake wakageuka. "Miaka yote hii hajaniuliza mtu magamba yanakwenda wapi! Yametoka baharini, yanarudi baharini. Kwani wewe wayatakia nini?"

"Nayataka yote. Ya pono hasa, yale makubwa."

Nahla alichuchumaa palepale kwenye maji ya samaki na kueleza, na Bi Saada, aliyekaa jirani na Bi Masika, naye akasimamisha kisu chake asikilize. Magamba yataoshwa, yatakaushwa, yatasagwa. Unga wake utatiwa maji ndani ya chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza, kiwekwe kwenye tanuri kali kwa saa nyingi. Kwa joto lile na ule mkandamizo, gamba linavunjikavunjika, linakuwa chembe ndogo mno, ndogo hata ukichukua unywele mmoja ukaupasua mara elfu kumi bado chembe ile haijafikiwa. Maji yakichujwa, chembe zinabaki ndani yake. Ukiyamulika kwa taa maalumu, yanang'aa.

"Yanawaka moto?" aliuliza Bi Saada.

"Hapana, Bi Saada. Yanatoa mwanga tu. Tena tunazitia chembe hizo kwenye seli, vile vijumba vidogo ambavyo mwili umejengwa kwavyo. Zikiingia ndani, seli inang'aa, tunaiona vizuri kwenye hadubini. Hata seli za saratani tunaziona hivyo."

"Ni dawa?" aliuliza Bi Masika.

"Si dawa, shangazi. Ni kama tochi."

Bi Masika akaitikia kwa kichwa. Siku ile hakuwa na sababu ya kulishika neno hilo.

Akawa anamwekea magamba kila asubuhi. Aliona ni jambo la kuchekesha, lakini akalifanya vyema kama alivyofanya kila kitu. Alitenga ya pono mbali na ya changu, akayaosha kwa maji matatu, akayaanika juu ya jamvi uani kwake. Nahla alikuja kuyachukua na kwenda nayo Chake Chake, kwenye maabara ya mwalimu wake wa zamani aliyemruhusu kutumia tanuri mchana. Baada ya siku kumi akarudi Wesha na kichupa kilichofungwa kwenye taulo.

Mardhiya alikuwapo nyumbani kwa mama yake siku hiyo, na mtoto wake Samiha, aliyekuwa ametimiza miaka miwili na ameachishwa ziwa miezi sita nyuma. Mardhiya na Nahla walikulia pamoja, wakilala kitanda kimoja likizo zote, na walipokutana nyumba ilijaa vicheko. Wote wakaingia stoo, wakafunga mlango na dirisha, wakaziba mwanya wa chini kwa gunia. Adhuhuri ile jua lilikuwa kali nje, lakini mle ndani huoni hata kiganja chako. Nahla akawasha kitochi kinachotoa mwanga wa zambarau hafifu, akakielekeza kwenye kichupa.

Maji yakawa buluu. Si buluu ya kupakwa rangi. Ilikuwa inatoka ndani, imetulia, mpaka uso wa Samiha ukaonekana umefunguka mdomo.

"Subhanallah," alisema Bi Masika. "Haya ndiyo yale magamba?"

"Ndiyo haya, shangazi."

Mardhiya alikikamata kichupa, akakigeuza. Alikuwa mtu wa utani, na Bi Masika alingojea aseme neno la kuchekesha. Badala yake, alipokirudisha akauliza, "Na hizo seli za saratani, mama kanambia zinaonekana. Mtu akiwa nayo, huanzia vipi?"

Nahla akazima tochi, akafungua dirisha. Akamtazama.

"Kwa nini, dada?"

"Hebu tia mkono wako hapa."

Bi Masika aliujua uvimbe ule wa kwenye ziwa. Alikuwa ameuona tangu Samiha alipokuwa ananyonya. Alisema ni maziwa yamegandamana, kama yalivyowagandamania wanawake wote wa ukoo wao, na alikuwa akiukanda kwa kitambaa cha maji moto, halafu akichukua kichana cha mbao na kulichana ziwa taratibu kuelekea chini, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Mwaka mzima sasa. Kila Ijumaa baada ya kusuka nywele, Mardhiya alilala juu ya mkeka, mama akachana. Uvimbe haukupungua, na Bi Masika hakukata tamaa, akiamini kuwa utakubali.

Nahla alitia mkono, akautoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Kesho asubuhi tunakwenda hospitali," alisema. "Sote watatu."

"Kwa maziwa yaloganda?" aliuliza Bi Masika.

Nahla alikuwa anakunja lile taulo, anakunjua, anakunja tena.

Hospitali walikata kipande kidogo cha nyama, kama punje ya mchele, wakakitia kwenye kichupa chenye dawa, wakakipeleka kupimwa. Wiki tatu walingoja. Majibu yalipokuja, daktari aliwakalisha, akazungumza kwa upole na kwa Kiswahili cha vitabuni, na katika yote aliyoyasema Bi Masika alilishika neno moja tu, saratani. Seif, mume wa Mardhiya, ambaye alikuwa fundi seremala na mtu wa maneno machache, aliinuka akatoka nje, akasimama kwenye jua na kofia yake mkononi.

Walitakiwa waende Dar es Salaam. Kupata nafasi kulichukua mwezi na siku kadhaa, na katika mwezi huo Bi Masika akabadilika.

Alianza kuosha magamba kwa maji saba. Halafu maji ya mwisho akawa anatumia ya chupa, yale ya kunywa. Aliyachagua moja moja, lenye doa akalitupa. Aliacha kuyaanika uani, akayatandaza juu ya kanga safi ndani ya chumba chake, akakaa na upepeo kufukuza nzi. Kila gamba alilishika kwa bismillahi. Mikono yake, iliyozoea chumvi na miba, ikachubuka kwa maji baridi. Dikoni alikuwa anawaambia wavuvi, "Pono wangu muwawekeni kando," na wao, waliokwisha kusikia habari za Mardhiya, wakawaweka.

Nahla alipokuja kuaga, maana chuo kilikuwa kinamwita, alikuta mfuko wa magamba umejaa, meupe kama kucha za mtoto.

"Shangazi, maji matatu yanatosha."

"Kwako yanatosha."

"Shangazi." Nahla akakaa chini. "Ile kazi yangu ni ya maabara. Nilikwambia, si dawa."

"Nimesikia. Chukua magamba yako."

Mtu akisikia jambo na moyo wake umeshapita mbele, ni kama hakusikia. Bi Masika alikuwa ameyaona kwa macho yake maji ya magamba yaking'aa. Alikuwa ameambiwa yanaingia ndani ya saratani. Hakuna mtu anayeingia nyumba ya adui na tochi akatazama tu, akatoka. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na hakumwambia mtu.

Wakavuka kwenda Dar es Salaam. Mardhiya alilazwa katika hospitali kubwa, wadi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Seif alibaki Pemba na Samiha, kwa mama yake mzazi. Bi Masika alilala kwa jamaa wa mbali, na kila siku saa za kutazama wagonjwa alikuwa wa kwanza mlangoni. Dawa aliyotiwa Mardhiya kwa mshipa ilikuwa nyekundu, na ilimtoa nywele, kucha zikaanza kuwa nyeusi, chakula hakikai. Madaktari walipima mapafu na mifupa. Walipozungumza wao kwa wao walitumia Kiingereza, na Bi Masika alijifunza kusoma nyuso zao badala ya maneno.

Hakukuwa na kitu cha kufanya. Hilo ndilo lililomuua. Wauguzi walimgeuza mgonjwa, wauguzi walimpa dawa, hata uji waliuleta wao. Yeye alikaa kwenye stuli ya plastiki, kapakata mikono yake ya kazi.

Wiki ya tatu akamwambia Nahla, "Nipeleke nikaone."

"Ukaone nini, shangazi?"

"Magamba yangu yamefikia wapi."

Nahla alisita, halafu akampeleka. Maabara ya chuo ilikuwa ghorofa ya pili, baridi kama ndani ya jokofu. Walivua viatu, Bi Masika akavishwa koti jeupe juu ya buibui. Nahla alitoa kisahani kidogo cha plastiki kutoka kwenye kabati lenye joto, akakiweka chini ya hadubini, akazima taa za chumba. Kwenye kioo cha kompyuta kukawa na kiza, halafu zikatokea.

Zilikuwa nyingi, zimesongamana kama wanawake kwenye mstari wa swala. Kila moja ilikuwa na mwanga wa buluu unaopiga kwenye kijani, na katikati yake duara lenye kiza kama kiini. Bi Masika alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Hizi ndizo?"

"Hizi ni seli za saratani ya ziwa. Na huo mwanga ni wa magamba uliyoosha wewe. Yale ya mwisho. Yametoka safi kuliko yote, mpaka mwalimu wangu kauliza nani kayatengeneza."

"Kwa hivo yameingia."

"Yameingia."

"Alhamdulillahi." Alilisema kwa sauti, na akaweka mkono kifuani. Akatazama tena, kwa muda mrefu. "Sasa zitakufa lini?"

Nahla hakumfahamu. "Zipi zitakufa?"

"Hizi. Si yameshaingia? Zinakufa lini?"

Nahla akaiacha hadubini, akamgeukia.

"Hazifi, shangazi," alisema Nahla polepole. "Chembe zetu haziui. Na huo ndio uzuri wake, ndio tunachokitafuta. Kuna rangi nyingine zinaziua seli kabla hatujaziona vyema. Hizi za magamba hazizidhuru. Seli inakaa na mwanga ndani yake, inaendelea na mambo yake."

"Inaendelea na mambo yake."

"Ndiyo."

"Na mimi miezi miwili naosha." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu siku ili ajue leo ni tarehe ngapi. Kisha akauliza, "Hizi ni za nani? Ni za Mardhiya?"

"La! Si zake, wallahi. Ni za mwanamke mmoja wa nchi za mbali. Zilichukuliwa kwake zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Maabara nyingi duniani zinazo."

"Alipona?"

"Hapana. Alikufa zamani."

"Yeye kafa." Bi Masika akakielekezea kioo kidole. "Na hizi ziko hai? Zinakula?"

"Tunazilisha. Kila baada ya siku mbili."

"Mnazilisha."

Nahla akawasha taa. Alikuwa analia, na hakujua ataanza wapi kueleza kwamba kuziona ndiyo njia ya kuzijua, na kuzijua ni mlango wa dawa, na mlango huo huenda ukafunguka baada ya miaka ishirini, na kwamba yeye mwenyewe kila alipokiweka kisahani kile chini ya hadubini alimwona Mardhiya. Alianza, "Shangazi, hii kazi, mbele huko..." Bi Masika akamshika bega.

"Usilie. Ulinambia. Mimi ndo s'kutaka kusikia." Akavua koti, akalikunja vizuri. "Viatu vyangu viko wapi?"

Alasiri ile Mardhiya alikuwa ameketi, kajifunga mtandio kichwani, macho yamekuwa makubwa katika uso mdogo.

"Umekwenda kuziona, mama?"

"Nimeziona."

"Zikoje?"

"Zinang'aa," alisema.

Mardhiya akamgeukia Nahla. "Unazo picha? Na mimi nataka kuona."

Nahla alimtazama shangazi yake, na shangazi akaangalia dirishani. Basi akatoa simu. Mardhiya aliishika kwa mikono miwili, akaikuza ile picha kwa vidole, akaipeleka huku na huku. Wagonjwa wa vitanda vya pili walikuwa wanawatazama.

"Kumbe nzuri," alisema. Akacheka kidogo, kicheko kilichomletea kikohozi. Kilipotulia akasema, "Mimi nilidhani zina meno." Akarudisha simu. Kisha, kwa sauti ile aliyotumia skuli kwa watoto wake, "Mama, mikono yako hebu. Lete nione. Tazama ilivyochubuka. Usioshe tena magamba, umesikia? Nahla ataosha mwenyewe."

"N'taacha," alisema Bi Masika.

"Leo."

"Leo."

Akangoja Nahla aende kumuita muuguzi, akainama karibu. Alikuwa na neno moyoni tangu Wesha.

"Mimi ndo nilolichana lile ziwa, mwanangu. Mwaka mzima."

Mardhiya akafumba macho. "Na mimi ndo nilokuwa nakuletea kichana, mama." Akautafuta mkono wake, akaushika, wakakaa hivyo mpaka kengele ya wageni kutoka.

Mwezi uliofuata daktari alisema wanaweza kurudi nyumbani. Alilisema kama habari njema, na wao wakaipokea hivyo, ijapokuwa wote walifahamu. Mardhiya alirudi Wesha kwenye chumba cha mama yake. Seif alimtengenezea kitanda cha chini ili asipate tabu kupanda, akakipiga randa mpaka kikawa laini kama sahani. Samiha alipoletwa alimwogopa kwa siku mbili, siku ya tatu akapanda mwenyewe, akalala miguuni pake.

Bi Masika hakwenda dikoni. Alimpepea mwanawe, alimgeuza, alimlowesha midomo kwa pamba. Maumivu yalipokuja alimkumbatia, na maumivu yalikuwa hayana habari naye. Wakati mwingine alitoka uani akasimama tu. Bi Saada alipita kila siku na samaki waliokwisha kutiwa ndimu, akawaacha jikoni, maana aliona kwamba mwenzake hawezi kumtazama samaki mwenye magamba.

Mardhiya alikata roho Ijumaa, kama saa nne asubuhi, watoto wa skuli yake wakiwa mapumzikoni. Kelele zao zilisikika mpaka pale. Alizikwa baada ya swala ya Ijumaa. Bi Masika alisisitiza kumwosha mwenyewe pamoja na waoshaji, na alipomwosha alilipita ziwa lile kwa mkono wa taratibu sana. Chini yake kulikuwa na kovu dogo, mahali walipokata ile punje.

Siku ya tatu, khitma imekwisha na watu wametawanyika, alimwita Nahla, aliyekuja kwa mazishi, wakakaa kwenye kibaraza.

"Kile kipande walichomkata kiko wapi?"

Nahla akashtuka. "Kipo walikokipima, nadhani. Huwa wanaviweka."

"Wanaviweka vipi?"

"S'jui hasa, shangazi. N'tauliza."

Bi Masika alikwenda kwa shehe pia. Shehe alimsikiliza kwa huruma, akamwambia kitu kilichotoka mwilini kwa tiba hakimdhuru maiti, na Mwenyezi Mungu anajua kila kilipo. Bi Masika alimshukuru. Lakini hilo silo alilokuwa anauliza, na hakuweza kumwambia shehe alichokuwa anauliza: yule mwanamke wa nchi za mbali alikufa, na ugonjwa wake ukabaki duniani unalishwa kila baada ya siku mbili. Alikuwa akiamka na kitu hicho, akala nacho. Alikuwa akiona katika fikra kisahani cha plastiki na ndani yake kiza, na katika kiza hicho mwanawe.

Nahla aliandika barua. Akajibiwa kwa adabu kwamba vipande hivyo huhifadhiwa kwa miaka kadhaa kwa mujibu wa kanuni. Bi Masika akataka aandike nyingine, kuomba kirudishwe kizikwe. Ilijibiwa vilevile, tena kwa maneno yaleyale. Mara hii hapakuwa na kulirudia jambo mpaka likubali. Kila aliyeulizwa alikuwa mwema, na kila mmoja alisema hana uwezo.

Mwisho Nahla alikwenda mwenyewe huko kilikopimwa. Aliwaeleza kuwa ni ndugu wa marehemu, akakaa kwenye benchi kutwa nzima mpaka mfanyakazi mmoja akamwonea imani, akamfungulia droo. Siku hiyo Bi Masika alikuwa amerudi dikoni kwa wiki ya pili. Simu ilipolia mikono yake ilikuwa na matumbo ya samaki, basi Bi Saada akaipokea, akamwekea sikioni na kuishikilia hapo.

"Nimekiona, shangazi," sauti ya Nahla ilisema.

"Kikoje?"

"Kimo ndani ya nta. Ni kama kipande cha mshumaa, kina nambari yake. Kidogo tu."

"Hawakupi?"

"Hawanipi. Nimeomba kila namna."

Wanunuzi walikuwa wanapita, mtu mmoja akaweka fungu la tasi mbele ya Bi Masika na kusema asalamu alaykum, na hakujibiwa.

"Nahla. Kinalishwa?"

"Hapana!" Nahla alifahamu, na sauti yake ikavunjika. "Hapana, shangazi. Hakilishwi na hakikui. Kile kilikufa siku ileile walipokitia kwenye dawa. Hakuna kitu cha Mardhiya kilicho hai popote."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya," alisema Bi Masika. "Basi."

Bi Saada akaitoa simu, akaifuta kwa kanga. Aliuliza kuna nini, na Bi Masika akasema hakuna kitu. Alilishika lile fungu la tasi, akapara mmoja, akapara wa pili, wa tatu akamshika tu, kisu kimesimama juu yake. Akamsogezea Bi Saada fungu zima. Akanawa mikono kwenye bomba, akajifunika kanga yake, akaondoka kwa miguu katika jua la saa sita, kazi haijaisha, jambo ambalo wenzake hawakupata kuliona tangu aanze kazi. Nyumbani alimkuta Samiha amelala juu ya mkeka sebuleni, na mama yake Seif kakaa pembeni anamfukuzia nzi kwa upepeo. Bi Masika akauchukua ule upepeo, akajilaza kando ya mtoto, na pale akabaki akipepea mpaka ilipoadhiniwa alasiri.